Maswali yenu: BIOS ya PlayStation kwenye emuleta

Nimefungua gemu ya PlayStation 1 kwenye RetroArch, skrini ikabaki nyeusi. Gemu ni mbovu?

Huenda ni nzima. RetroArch hukusanya emuleta, yaani programu zinazoigiza mashine za gemu, na Beetle PSX, emuleta yake ya PS1, inadai BIOS, yaani ile programu iliyokaa ndani ya mashine yenyewe na kuiamsha kabla CD haijasomwa. Gemu haiji nayo. Kwenye folda ya system ya RetroArch weka scph5500.bin kwa gemu za Japani, scph5501.bin za Marekani na scph5502.bin za Ulaya.

Nimeiweka hapo hapo, bado haionekani!

Anza na jina. Kwenye Linux, herufi kubwa na ndogo hazilingani: SCPH5501.BIN ni faili jingine kabisa. Windows nayo huficha mkia wa jina, kwa hiyo ukiongeza .bin kwa mkono unaweza kupata scph5501.bin.bin bila kujua. Hakikisha pia umeitoa kwenye zip.

Kisha pima ukubwa. BIOS ya PS1 ni baiti 524,288, wala si zaidi wala si pungufu. Ukubwa ukiwa sawa na emuleta bado inagoma, kagua MD5, yaani alama ya utambulisho inayokokotolewa kutoka kwenye faili. Ya scph5501 huanza na 490f666e. Wapo wanaochukua BIOS yoyote, wakaibandika jina hilo, halafu lawama zote zinaiangukia emuleta.

Kuna tovuti inagawa BIOS zote kwa mkupuo. Nipakue?

Mimi sipakui. Ni mali ya Sony, na hujui kilichochomekwa humo. Ukiwa na mashine yako, itoe humo. Huna? Jaribu PCSX ReARMed, emuleta nyingine ya PS1, ina BIOS yake ya kuigiza. Gemu nyingi huenda, chache husumbua. Kuandika BIOS yako si sawa na kunakili ya mwenzio: mwaka 2000 mahakama ya rufaa ya Marekani iliipa haki kampuni ya Connectix, iliyoichambua BIOS ya Sony ili kutengeneza emuleta yake. PS3 ndiyo rahisi, maana Sony wenyewe wameweka PS3UPDAT.PUP, faili la programu ya mfumo wa PS3, kwenye tovuti yao, na RPCS3, emuleta ya PS3, inalipokea faili hilo moja kwa moja.

Na Super Nintendo?

Kwa kawaida haihitaji BIOS. Fungua gemu ucheze.

Nikibadilisha BIOS, nitapoteza nilipofikia?

Ulichohifadhi kwenye memori kadi ya gemu kinabaki. Ile save ya papo hapo ya emuleta ndiyo inaweza kukataa kufunguka, kwa hiyo hifadhi ndani ya gemu kwanza.