Gemu mpya ya risasi inaganda ganda? Anza na sheda

Mkuu, kama fremu kwa sekunde (FPS) ziko juu ila gemu inaganda kila ukiingia ramani mpya usikimbilie kununua kadi ya picha mpya, hizo ni sheda (vijiprogramu vinavyoiambia kadi ichoreje mwanga, moshi na milipuko) zinaandaliwa huku unacheza, mlipuko wa kwanza unakwama kidogo, wa pili unapita fresh. Iache imalize kuziandaa pale kwenye menyu usiskipu, na ukiapdeti draiva ya kadi itaanza kuziandaa upya, ni kawaida. Kadi yenye memori ya GB 8 shusha kwanza tekscha (ubora wa picha zinazofunika vitu kwenye gemu). Ile setingi ya kuzalisha fremu za ziada (frame generation) mi siikubali kabisa kwenye gemu za risasi, namba inapanda ila mausi inakuwa nzito, unalenga mtu kashapita. Ikigoma, na kama uliinunua Steam (duka la gemu za kompyuta), wanarudisha hela ukiomba ndani ya siku 14 tangu ununue, kama hujavuka masaa 2 ya kucheza, na kusubiri sheda gemu ikiwa wazi kunahesabika humo so usichelewe.