Kisanduku cha Marehemu Babu

SWALI: Ndugu Mhariri, tulipokuwa tukipanga vitu vya marehemu babu yetu, aliyekuwa fundi umeme katika shamba la mkonge, tulikuta kisanduku cheusi kizito chenye mkono wa kuzungusha ubavuni, kioo chenye mshale, skrubu mbili za kufungia nyaya, na maandishi "Evershed & Vignoles, London, 500 Volts". Mshale hautulii, ukikiinamisha, unayumba huku na huko. Je, ni simu ya zamani, au ni kipima volti kilichoharibika?
*Msomaji, Muheza*

JIBU: Ndugu msomaji, poleni kwa msiba. Hicho ni kipima ukinzani wa vihami (vitu vinavyozuia umeme usipite), ambacho mafundi hukiita mega kwa sababu kampuni hiyo ya London ilisajili jina "Megger" mwaka 1903. Chenu ni cha baadaye kidogo, ikiwa kasha lake ni la bakelaiti, kwani plastiki hiyo ilibuniwa mwaka 1907.

Kazi yake ni kuonyesha kama mpira wa waya, au kihami kilichomo ndani ya mota, bado kinazuia umeme usivuje. Betri ndogo haiwezi kufichua uvujaji huo, kwa kuwa kihami chenye unyevu hustahimili volti chache kisha kikashindwa mbele ya volti mia kadhaa. Ndiyo maana kuna jenereta ndani inayozalisha volti 500 kwa nguvu ya mkono. Katika kiwanda cha korona, ambako mkonge husindikwa kwa maji mengi, naamini babu yenu alikihitaji mara kwa mara.

Mshale usiotulia ndio ulionithibitishia. Ndani ya sumaku kuna koili mbili (nyaya zilizoviringwa) zinazouvuta mshale pande tofauti, wala hakuna springi ya kuurudisha mshale kwenye sifuri, hivyo hupata mahali pake pale tu mkono unapozungushwa. Msidhani umeharibika.

Ili kukijaribu, kizungusheni kwa kasi kikiwa hakijafungwa waya wowote: mshale unapaswa kwenda kwenye alama inayofanana na nane iliyolala, yaani ukinzani usio na kikomo. Kisha unganisheni skrubu mbili kwa kipande cha waya na kuzungusha polepole. Mshale uende kwenye sifuri. Nawasihi sana, mtu asiguse skrubu hizo wakati mkono unazunguka, watoto wasikichezee, wala kisiunganishwe kamwe na nyaya zenye umeme. Msikifungue pia, kwa maana sumaku ikiondolewa mahali pake hupungua nguvu na vipimo vyote hupotoka.

Tazameni tena katika vitu vyake kama kuna daftari lenye tarehe na safu za namba. Fundi makini aliandika kipimo cha kila mota, kwa sababu megaomu (kizio cha ukinzani, yaani omu milioni moja) zinazoshuka kutoka 50 hadi 20, kisha hadi 5, humwonya mapema kwamba kihami kinadhoofika kuliko kipimo kimoja peke yake. Mkilipata, litunzeni pamoja na mega hiyo.