Nimejiandikisha kupiga kura na nimeajiriwa serikalini: je, nimekufuru?

SWALI: Assalaam alaykum warahmatullah, sheikh. Mimi ni karani wa ofisi ya ardhi, mkoani Tanga. Tangu nijiandikishe kupiga kura, shemeji yangu, kaka wa mke wangu, haswali nyuma yangu, wala wenzake. Wananisomea masharti saba ya khalifa aliyoyaandika Imam al-Mawardi, mwanazuoni wa zamani wa sheria za utawala, na wanasema serikali isiyo na khalifa Mkureishi, wa kabila la Mtume, ni twaghuti, yaani utawala unaoasi hukumu ya Mungu, na mshahara wake ni haramu. Mama na wadogo zangu wanautegemea mshahara huo. Niache kazi?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Usiache kazi, mwanangu. Kuandika na kutunza kumbukumbu za ardhi ni kazi halali, na ujira wake ni halali. Kura yako nayo haikukutoa katika Uislamu. Ningeweza kuishia hapo, lakini swali lako limeniuma, maana kwa hoja hii vijana wanawahama baba zao msikitini, tena wanamsingizia imamu mkubwa.

Ni kweli al-Mawardi, aliyefariki Baghdad mwaka 1058, alitaja masharti saba, na la saba ni nasaba ya Kikureishi. Lakini aliyaandika katika hali gani? Tangu mwaka 945 Baghdad ilikuwa imeangukia mikononi mwa Wabuwayhi, majemadari wa Kishia kutoka Daylam, kaskazini mwa Iran. Khalifa alitajwa kwenye hutuba ya Ijumaa, amri ya jeshi na hazina wanayo wengine. Majimbo yalikuwa yamekwisha kutwaliwa kwa upanga. Basi katika kitabu hicho hicho imamu akafungua mlango wa amiri aliyejitwalia jimbo: khalifa amkubali, ili utawala wake upate uso wa sheria na hukumu za dini zisikome. Shemeji yako amesoma masharti saba akafunga kitabu kabla ya kuufikia mlango huo. Al-Mawardi hakuwaambia makadhi wa majimbo yale warudi majumbani kwao. Anayemtumia kumkufurisha karani wa Tanga amedhulumu wawili, karani na imamu.

Sharti la Ukureishi lenyewe wanazuoni wamelijadili. Ibn Khaldun, mwanahistoria mashuhuri, alieleza kwamba hekima yake ilikuwa mshikamano na nguvu za Makureishi, ambazo Waarabu wote walizinyenyekea. Yeye mwenyewe alikuwa kadhi mkuu wa Kimaliki Cairo, chini ya Mamluki, ambao wengi wao waliingizwa Misri wakiwa watumwa wa kivita. Je, naye mshahara wake ulikuwa haramu?

Na kwa nini twende Cairo? Masultani wa Zanzibar walikuwa Mabusaidi, ukoo wa Oman, wa madhehebu ya Ibadhi, wala hawakuwa Makureishi. Sayyid Ahmad bin Sumayt, Mshafii, alikuwa kadhi wao, na aliendelea kuhukumu baada ya Waingereza kuifanya Zanzibar nchi ya himaya mwaka 1890. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya wakati wa ukoloni. Anayemkufurisha karani lazima awakufurishe na hawa, ambao elimu ya pwani hii imepita mikononi mwao. Athubutu basi aseme hadharani!

Watakuambia: zama zile sheria ilikuwa moja, leo bunge linatunga. Waambie wasome Sura Yusuf. Nabii Yusuf, amani iwe juu yake, aliomba mwenyewe kuwekwa juu ya hazina za Misri (aya ya 55), na aya ya 76 inaonyesha kwamba sheria iliyokuwapo nchini ilikuwa ya mfalme. Ibn Taymiyya, mwanazuoni wa Damascus ambaye hao vijana wanapenda kumtaja, aliulizwa kuhusu mtu mwenye madaraka katika dola yenye dhuluma, anayejitahidi kuipunguza na hawezi kuiondoa yote. Akajibu kwamba kubaki kwake ni bora kuliko kuwaachia wengine, na huenda kukawa wajibu. Sheria inayohalalisha haramu hatuiridhii, na mwenye kura ana njia ya kuipinga.

Tena dola ya al-Mawardi haikumfikia mtu kama ya leo inavyomfikia. Leo mjane asipopata karatasi kutoka ofisini kwako, shamba la mayatima linachukuliwa na shemeji zake. Hapo ndipo penye hatari ya dini yako. Anapofika na kitambulisho na cheti cha kifo ndani ya mfuko wa plastiki, ukamwambia “njoo kesho” na faili liko kwenye droo, ukingoja akutolee kitu, hiyo ndiyo haramu utakayoulizwa. Ukiamriwa kubadilisha jina kwenye hati, kataa, na ukatae kwa maandishi. Ukilazimishwa, acha kazi siku hiyo hiyo, na riziki ina Mwenyewe.

Kuhusu shemeji yako, usimsuse. Ni mjomba wa watoto wako. Msalimie yeye kwanza, mwalike Ijumaa mle pamoja, na kama hataki kuswali nyuma yako, mpishe mbele wewe uswali nyuma yake, swala yako ni sahihi. Mama yako mwambie leo kwamba huachi kazi, asilale na wasiwasi.

Wallahu aalam.