Waambie wewe ni tabibu

Mtaani kwetu Mbagala wote wananiita dokta. Muuza chapati ananiita dokta, mwenye duka la vifaa vya umeme ananiita dokta, na mgonjwa akisukuma mlango wa chumba changu neno la kwanza ni hilo hilo. Mimi si daktari. Ni tabibu. Nilisoma stashahada ya utabibu miaka 3 baada ya kidato cha nne, nina leseni ya Baraza la Madaktari Tanganyika, na huu ni mwaka wa 11 naona wagonjwa kwenye zahanati.

Naandika haya kwa ajili yako mdogo wangu uliyemaliza chuo juzi na unatafuta kazi hapa Dar. Watu watakuita dokta kuanzia siku ya kwanza, na jina hilo ni tamu. Mimi lilinikolea nikasahau kuwaambia watu ukweli, na kuna mzee mmoja aliyelipa gharama ya kusahau kwangu.

Ilikuwa mwaka wangu wa pili kazini, zahanati nyingine, si hii niliyopo sasa. Mzee aliingia karibu saa sita mchana, ameshikwa mkono na mwanawe. Alisema chembe ya moyo inawaka tangu alfajiri, amekunywa maziwa hayajamsaidia. Shati lake lilikuwa limelowa jasho mgongoni. Umeme ulikuwa umekatika, feni imesimama, na mimi mwenyewe nilikuwa nimelowa, kwa hiyo jasho lake sikulitilia maanani. Nikambonyeza tumbo, nikampima presha, nikaandika vidonda vya tumbo kwenye rejesta ya MTUHA, lile daftari la kumbukumbu za wagonjwa, nikampa omeprazole na dawa ya maji ya kutuliza asidi. Yule kijana akaniuliza, "Dokta, kwa hiyo si kitu kikubwa?" Nikamjibu, "Ni tumbo tu. Akimaliza dozi mrudi."

Usiku walimkimbiza hospitali ya rufaa kwa bajaji. Ulikuwa moyo. Mzee alipona, Mungu ni mwema, lakini nguvu hazikurudi zote na kazi yake ya useremala aliiacha.

Wiki chache baadaye kijana alikuja peke yake. Nilijiandaa kufokewa. Hakufoka. Aliuliza, "Kaka, pale kwenu mna kile kipimo cha moyo, kile cha kubandika nyaya kifuani?" Nikasema hatuna. "Na wewe ni daktari kabisa?" Nikasema mimi ni tabibu. Akanyamaza, akaangalia chini, kisha akasema, "Ungeniambia mchana ule. Hela ya bajaji nilikuwa nayo mfukoni."

Kosa la kitabibu lipo, na silikwepi. Mtu mzima mwenye maumivu ya chembe na jasho jingi, moyo unaufikiria kwanza, tumbo baadaye. Hilo sasa namfundisha kila kijana anayekuja kwetu mazoezini. Lakini maneno ya yule kijana yalinionyesha kosa la pili. Nilimnyima taarifa ambayo angeitumia kumwokoa baba yake hata kama mimi nimekosea. Alidhani amefika kwa daktari mwenye vipimo, akatulia. Angejua amefika kwa tabibu asiye na kipimo cha moyo, angeuliza swali moja zaidi, au angepitiliza.

Tangu hapo kila mgonjwa mgeni namwambia hivi, kabla hata sijauliza anaumwa nini: "Karibu. Mimi ni tabibu wa hapa. Mengi tunayamaliza hapa hapa, lakini nikiona lako linataka daktari au kipimo ambacho hatuna, nitakuambia mapema." Haichukui hata nusu dakika. Mwenye zahanati niliyokuwa nafanya kazi wakati ule hakupenda, alisema namfukuzia wateja. Ni kweli wiki za kwanza wapo waliosimama na kuondoka, na iliniuma. Wengi walirudi. Mgonjwa akishajua mpaka wako uko wapi, hata ushauri wako anausikiliza kwa namna nyingine. Ukimwambia hili ni dogo, anaamini ni dogo, kwa sababu anajua likiwa kubwa utasema.

Usidhani jambo hili ni la kwetu tu. Marekani wana kada inayofanana na yetu, wasaidizi wa madaktari. Ilianzia Chuo Kikuu cha Duke mwaka 1965, Dk. Eugene Stead alipochukua wanaume wanne waliokuwa wametoa huduma ya tiba katika jeshi la majini, na wa kwanza wakahitimu mwaka 1967. Kada imekua, na mwaka 2021 chama chao kiliamua waache kuitwa wasaidizi wa daktari, waitwe washirika wa daktari. Uingereza jina hilo la mshirika walikuwa nalo tayari, na kule ugomvi ukawa mkubwa. Wagonjwa walikuwa wakitoka chumbani wakiamini wameonwa na daktari. Julai 2025 Profesa Gillian Leng, aliyepewa na serikali kazi ya kuichunguza kada hiyo, alipendekeza jina lirudi kuwa msaidizi, wavae mavazi na vitambulisho vinavyowatofautisha, na wasimwone mgonjwa ambaye tatizo lake halijajulikana bado, isipokuwa pale penye mwongozo ulioweka wazi wamwone yupi.

Hilo la mwisho lisome mara mbili. Mgonjwa ambaye tatizo lake halijajulikana ndiye tunayeamka naye sisi kila siku. Kwenye benchi la zahanati hakuna aliyechujwa. Mafua amekaa na homa ya uti wa mgongo, mbavu za kubeba mizigo zimekaa na moyo. Wenzetu wanabishana kama mtu wa kada yetu aachiwe mlango wa mbele. Tanzania tulimwachia zamani, na bila yeye sehemu nyingi mlango usingefunguliwa. Ndiyo maana naona deni letu la kusema ukweli kwa mgonjwa ni kubwa kuliko la wale wa London.

Kinachotushikilia ni mwongozo wa matibabu wa taifa. Usiuache nyumbani. Umepanga dawa kwa ngazi, A ya zahanati, B ya kituo cha afya, ukiendelea juu hadi zile za daktari bingwa. Nimeona vijana wakiona ni dharau kuambiwa dawa fulani si ya ngazi yao. Ile ngazi inakukumbusha kwamba kama mgonjwa anaihitaji dawa ile, basi anahitaji pia jicho na vipimo ambavyo kwako havipo.

Nikupe mfano wa mwaka jana. Mama kijana aliingia na mtoto wa miezi 14, kiwiliwili kinachemka. Anataka kipimo cha malaria na sindano. Nikajitambulisha kama kawaida, kipimo kikatoka hasi. Zamani hapa ningeandika UTI au typhoid, maana Dar hii homa isiyo malaria imeshapewa majina hayo mawili, na mama angeondoka ameridhika. Nikamwomba amvue mtoto fulana na amtulize, nikaweka simu sekunde 60 kamili, nikahesabu kifua kikipanda. Hesabu dakika nzima, usihesabu nusu ukazidisha. Nikapata 54. Mtoto wa mwaka 1 hadi 5 akifika 40 tayari anapumua haraka. Nikauliza ya hatari: ananyonya? anatapika kila kitu? amepata degedege? amelegea? Mama akampa ziwa mbele yangu. Mtoto alilishika mara mbili, akaliachia, kichwa kikaangukia mkononi mwa mama yake.

Hapo hakuna mjadala. Dozi ya kwanza ya antibayotiki, kisha rufaa. Nilipoinua kichwa kumweleza, mama alikuwa ameshampigia mumewe: "Njoo na hela, tabibu anatupeleka hospitali." Hakunibishia, hakuomba tujaribu dawa kwanza tuone. Alikuwa ameshaambiwa mlangoni kwamba siku ya kupelekwa mbele inaweza kuwa leo.

Na barua ya rufaa iandike kama mtu anayetaka ieleweke. Andika saa, ulichokuta, ulichompa na saa ngapi, na namba yako ya simu. Piga kabla hajafika. "Kwa matibabu zaidi" peke yake haimsaidii mtu.

Sasa suala la kujiendeleza, maana ndilo mnaloniuliza sana. Ngazi tuliyoijua sisi haipo tena. Tangu mwaka 1963 nchi hii ilikuwa na daktari msaidizi: tabibu anafanya kazi miaka kadhaa, anarudi chuo miaka 2, anatoka anapasua. Akina mama wengi wa mikoani walijifungua kwa upasuaji mikononi mwao. Utafiti uliofanyika hospitali za Mwanza na Kigoma, ukachapishwa mwaka 2009, haukuona tofauti ya maana kati ya matokeo ya upasuaji wao wa dharura za uzazi na ule wa madaktari. Mimi niliingia utabibu nikiitamani njia hiyo. Mafunzo hayo yalisitishwa, na nakiri iliniumiza. Leo ukitaka kupanda kwa tiba unakwenda shahada ya udaktari, miaka 5 na mmoja wa mazoezi kwa vitendo. Kama moyo wako uko huko, nenda, jipange na ada mapema. Usiende kwa kuona aibu kuitwa tabibu, kwa sababu miaka 6 ni mingi kuifanya kwa ajili ya jina. Na ukibaki, leseni yako iwe hai muda wote na mafunzo ya kazini usiyakwepe.

Kingine kimebadilika hapa mjini. Zamani zahanati ilikuwa tabibu na nesi, basi. Sasa hata zahanati yetu ina daktari kijana anayekuja siku tatu kwa wiki, kuanzia saa nane mchana. Mwanzoni nilimwona amekuja kuchukua kiti changu. Siku hizi namwekea wagonjwa wangu wagumu, tunawaona pamoja, naye wakati mwingine ananiuliza mimi kuhusu watoto, maana nimewahesabia pumzi wengi kuliko yeye.

Yule mzee seremala ni mgonjwa wetu sasa. Anakuja kila mwezi kupima presha na kuangalia dawa zake. Mwezi uliopita alikuja saa nne asubuhi, analalamika miguu imevimba kidogo. Nilikuwa bado nafunga kitambaa cha presha mkononi mwake akaniuliza, "Mwanangu, hili ni la kwako au nimngoje daktari?"

Nikabonyeza kifundo cha mguu, kidole kikaacha shimo. Nikamwambia, "Hili tumngoje, baba." Akachukua gazeti lake, akaenda kukaa kwenye benchi.