Namtso siku ya tatu? Mkuu, rudisha hiyo ratiba ulikoitoa

Mkuu, hiyo ratiba ya siku nne Tibet uliyoiweka hapa naifahamu mpaka nukta zake. Siku ya kwanza ndege Chengdu hadi Lhasa, mji mkuu wa Tibet, ya pili Potala, lile jumba la kale la Dalai Lama, ya tatu ziwa Namtso, ya nne unarudi chuoni. Ndiyo niliyouziwa mimi. Umeuliza kibali, chakula cha halali, nguo, na kama siku nne zinatosha. Hazitoshi. Usiponisikiliza mimi utakisikiliza kichwa chako.

Mimi mtoto wa Moshi. Nilipoonywa habari za mwinuko nilicheka. Mtu niliyekua naitazama Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kila asubuhi nikipiga mswaki, leo niogope mji ambao watu wanaendesha pikipiki na kuuza supu? Nilichosahau ni kwamba Moshi mjini ni kama mita 900 tu, na kuutazama mlima kutoka dirishani hakuongezi damu. Mara pekee niliyopanda ilikuwa na shule, tukaishia kibanda cha Mandara, mita 2,720, tukala mayai ya kuchemsha tukashuka.

Lhasa iko kwenye mita 3,650 hivi. Hapo ni karibu sawa na kibanda cha Horombo mlimani Kilimanjaro, ambako wapandaji wa njia ya Marangu hufika siku ya pili, wakitembea pole pole kwa miguu, na bado wengi hulala usiku wa ziada ili mwili uzoee. Mimi nilitoka Chengdu, mita kama 500, nikashushwa na ndege baada ya saa mbili na ushee. Chai niliyokunywa bweni ilikuwa bado tumboni.

Wa kulaumiwa wa kwanza ni mimi, sawa, hilo tumelimaliza. Sasa nije kwa wakala wa safari. Nilimuuliza kwa mdomo wangu: kule hewa si nyepesi? Akaniangalia juu mpaka chini, akasema ninyi Waafrika mna nguvu, wanaougua ni wazee. Uongo mtupu! Huu ugonjwa wa mwinuko hauangalii kifua wala umri, na sisi tunaonyanyua vyuma ndio tunaojitutumua hadi tunaanguka. Halafu kuna mwenzetu mmoja wa chuo, alikwenda "na hakuona kitu". Hakusema kwamba alikaa mji wa Xining wiki nzima kwanza, zaidi ya mita 2,200, ndipo akapanda treni ya Lhasa. Kipande hicho alikimeza.

Siku ya kwanza utajisikia vizuri, na hapo ndipo mtego ulipo. Maumivu hayakupokei uwanja wa ndege, yanakufuata baada ya masaa kadhaa. Mimi nilioga maji ya moto, nikateremka Barkhor, mtaa wa katikati ya Lhasa ambao mahujaji huuzunguka, nikazunguka na mahujaji raundi tatu kwa mwendo wao, jioni nikapiga bia mbili. Usiku nikashtuka mara tano nahema kama niliyekuwa nazama. Unalala, pumzi inakatika, inarudi kwa kishindo. Kesho yake kwenye ngazi za Potala bibi mmoja wa Kitibeti mwenye gurudumu la sala alinipita, akanisubiri kwa huruma, akanipita tena. Tiketi ile ina jina lako na saa yako ya kuingia. Saa yangu ilipita nimekaa kwenye ngazi, nashika goti kama mzee wa kanisa. Kwa hiyo ukiniuliza Potala ndani kukoje, waulize wengine.

Mpaka hapo kosa lilikuwa dogo. Kosa lenyewe nililifanya usiku ule: nilimeza vidonge viwili vya maumivu, kichwa kikatulia kidogo, na asubuhi kiongozi wetu aliponiuliza hali nikasema niko fiti. Dada yule hakuamini. Akanipa kopo la oksijeni, nikalikataa mbele ya wenzangu. Mtoto wa Kilimanjaro apumulie kopo?

Namtso iko mita 4,718. Kwa kulinganisha, kibanda cha Kibo, kile cha mwisho kabla ya kileleni, kiko karibu na hapo hapo. Lakini subiri, hujasikia ubaya wake. Kwa barabara tuliyopita, kabla ya kulifikia ziwa unavuka Lhagen La, njia ya juu kati ya milima, mita 5,190, halafu ndipo unateremka. Nilikuwa na pakiti ya karanga kwenye mkoba. Pale juu ilikuwa imevimba imekuwa mpira, ngozi ya plastiki imekaza inang'aa. Nikaicheka, nikaipiga picha. Sikufikiri kwamba na mimi niko ndani ya hewa ile ile.

Ufukweni kuna yaki weupe wamevalishwa matandiko mekundu, unalipa unapigwa picha. Nililipa. Nikapanda. Nikatapika. Yaki akageuza shingo akaniangalia kama mama mkwe. Wenzangu walicheka, na mimi nilicheka, ila nikagundua siwezi kufunga zipu ya jaketi. Macho yanaiona, vidole haviishiki. Kiongozi akaacha kila kitu akaja, akanionyesha ufa kwenye sakafu ya mawe, akasema tembea juu ya huu, kisigino mbele ya kidole. Hatua ya tatu nilikwenda upande kama mtu anayetoka kilabuni mwisho wa mwezi. Hapo rangi ya uso wake ilibadilika.

Dawa ya mtu aliyefika hatua ile ni kushuka, na kushuka sasa hivi. Oksijeni na sindano ni za kukusukumia muda. Sasa nieleze, utashukaje kutoka Namtso? Lazima kwanza urudi juu, mita 5,190, ndipo uanze kuteremka kuelekea Damxung. Ili nipone ilibidi nipandishwe zaidi ya mita 400 nikiwa tayari ubongo umeanza kuvimba. Lile kopo nililolikataa asubuhi nililikumbatia njia nzima, na yalipoisha makopo matano yaliyokuwa kwenye gari nikapewa ya abiria wengine. Wapo waliolipia safari ile miezi mitatu, wakakatishiwa ziwa kwa ajili yangu. Mmoja mpaka leo hajibu salamu zangu, na ana haki.

Hospitali Lhasa walinibana kidole na kile kipimo cha oksijeni, ikasoma asilimia 66 tu. Nesi akakitoa, akakipangusa, akakirudisha. 66. Siku tatu kitandani, tiketi ya ndege ikapotea, nikanunua nyingine, na hela ya matibabu nikaikopa. Nilipompigia wakala akaniambia karatasi niliyosaini inasema afya ni juu yangu. Kweli inasema. Kwa Kichina, ukurasa wa pili, herufi za ukubwa wa chawa.

Kwa hiyo sikiliza: hupandi popote juu ya Lhasa kabla hujalala Lhasa usiku tatu, na asubuhi ya kupanda kichwa kiwe kizima bila kidonge. Kikiuma hata kidogo, unabaki. Siku mbili za mwanzo kazi yako ni kunywa maji, kula supu ya tambi, na kukaa juani Barkhor ukiwatazama wengine wakizunguka. Potala isogezwe siku ya tatu. Ukiweza kulala Xining siku mbili kwanza, bora zaidi. Kuhusu Diamox, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, muone daktari kabla, hasa kama dawa za salfa zinakudhuru. Huanzwa siku moja kabla ya kupanda, itakukojoza na kukutia ganzi vidoleni, usishtuke. Na kiongozi akikuuliza hali, mwambie ukweli, hata kama nyuma yako wapo wasichana.

Kibali wakala ndiye anayekuombea, mgeni haendi peke yake. Halali ipo, karibu na Barkhor kuna msikiti na migahawa ya Waislamu. Nguo... sikumbuki hata nilivaa nini, jaketi lenyewe lilibaki hospitali.

Hela umeshalipa au bado? Kama bado, weka ratiba mpya hapa kwanza tuione. Nikikuta Namtso bado iko siku ya tatu, naomba namba ya mama yako.