Kufanana pekee si wizi

Dada, umeuliza kama rafiki yako wa Kisauni anaweza kumshtaki mwandishi mwenzake kwa kumwibia riwaya, kwa kuwa riwaya yake na ya mwenzake zote zina nahodha, jini wa Mji wa Kale na hazina iliyofichwa Fort Jesus. Kwa hayo tu, hawezi. Hakimiliki hulinda namna wazo lilivyoandikwa, si wazo lenyewe. Lewis Perdue alidai The Da Vinci Code ya Dan Brown imechota kwenye riwaya yake, Daughter of God. Mwaka 2005 jaji wa New York alimkatalia: yaliyofanana yalikuwa mawazo ya jumla.

Basi akae na vitabu vyote viwili, atie alama penye sentensi zilezile, matukio yaliyopangwa vilevile, hata makosa yaleyale ya tarehe (makosa hasa, maana hayo hayagongani kwa bahati). Rasimu zake za zamani azihifadhi. Ila kumwita mtu mwizi hadharani sasa hivi, hapana, tafadhali! Jina la mwandishi likichafuka halisafishiki upesi, na yeye mwenyewe aweza kushtakiwa kwa kukashifu. Akizipata kurasa zenye kufanana hivyo, amwone wakili wa hakimiliki kwanza.