Siku nne Mombasa na watoto: angalia maji kwanza

Kwa aliyeuliza apange vipi siku nne Mombasa na watoto mwezi Januari: msimu ni mzuri, kaskazi inavuma na mwani ni mchache ufuoni kuliko wakati wa kusi. Ila kabla ya kulipia hoteli, tazama tarehe za mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Siku hizo ni bamvua, yaani maji hujaa na kupwa kupita kawaida: hujaa kati ya saa tisa na saa kumi na moja jioni, na kufikia saa nne asubuhi yamekupwa hadi karibu na mwamba. Watoto wanatoka na maboya yao wanakuta mchanga na madimbwi! Basi asubuhi hizo wapelekeni Fort Jesus au kutembea mwambani, na wavae viatu vya plastiki, kwa sababu kuna viumbe wenye miiba mirefu myeusi inayokatikia ndani ya nyayo. Wiki inayofuata ni maji mafu, yaani kujaa na kupwa ni kwa kiasi kidogo, na maji hujaa asubuhi.

Treni ya SGR kutoka Nairobi inaishia Miritini, si mjini, kwa hiyo tengeni nauli ya teksi au matatu. Mkienda Diani, pwani ya kusini, msipite Likoni kupanga foleni ya feri na mizigo. Piteni barabara ya Dongo Kundu, haina feri na inaanzia hapo hapo Miritini. Tiketi za treni kateni mapema na kitambulisho msisahau. Stesheni fikeni saa nzima kabla, maana mizigo hupangwa chini inuswe na mbwa.